Shuka la Kinyozi

Pale karakanani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuweza kuona nguo iliyofumuka akanyamaza. Siku ya kwanza tu alimshika mchonga sanamu za vyuma, akamshonea pindo la koti palepale aliposimama, mwenyewe akiona haya kama bwana harusi. Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani la magazeti, na watu wenye wazimu wa kufumua vitu walikuwa wamelikodi kwa pamoja. Huku mmoja anachora ukutani kwa taa, kule mwingine anaufundisha mkono wa plastiki kupiga ngoma, na katikati meza ndefu imejaa nyaya, betri na vikombe vya chai vilivyosahauliwa na wenyewe. Mwalimu hakuwepo. Anayejua alimwonyesha asiyejua, basi.

Mama Pindo hakwenda pale kwa kupenda mitambo. Alikwenda kwa ajili ya mumewe.

Mumewe alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa kweli: mkasi mkononi, porojo mdomoni. Watu walimwendea hata nywele hazijaota, wapate tu kumsikiliza. Kisha kiharusi kikampiga, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote. Likabaki "ba". "Ba" ni maji, "ba" ni choo, "ba" ni funga pazia jua linaniumiza. Mama Pindo alibahatisha kutwa nzima, na alipokosea mzee aligeukia ukuta. Kumwogesha hakukumchosha, wala kumnyoa. Kinyozi hajinyoi, alimtania kila akimpaka povu. Kilichomuuma ni kwamba walikuwa wamezeeka pamoja, na sasa waliishi kama wageni wasiojuana lugha.

Aliyempokea alikuwa binti mmoja wa mambo ya umeme, wakimwita Cheche.

"Shikamoo, mama. Unataka tutengeneze nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka mdomo."

Cheche hakucheka. Alivuta kiti, akasikiliza habari yote, na siku hiyohiyo wakapatana: shuka la kufunika magoti, lenye viraka vya rangi. Kila kiraka kikiguswa, kisanduku kidogo chenye spika kitoe neno lake, na umeme upite katika uzi maalumu wa kijivu, unaoshonwa kama uzi mwingine wowote. Mama Pindo akayasema maneno kwa sauti yake mwenyewe: maji, chakula, choo, naumwa, sitaki. Kikabaki kiraka kimoja kitupu.

"Weka 'njoo'," Cheche akasema. "Akuite ukiwa jikoni."

Alishona kwa moyo wote. Siku ya majaribio watu wakaacha kazi zao, wakazunguka meza. Akagusa kiraka cha maji. Shuka likapayuka: "Maji chakula choo sitaki njoo naumwa!" Mchonga sanamu alicheka mpaka akakaa chini.

Cheche akaligeuza shuka. Nyuma kulikuwa safi kuliko mbele, hakuna fundo wala ncha iliyoning'inia.

"Mama, uzi huu hukuukata popote?"

"Niukate haujaisha? Fundi gani huyo?"

Kumbe alikuwa ametoka kiraka hadi kiraka kwa uzi mmoja, kama alivyofunzwa na mama yake, na umeme ukapita kila uzi ulipopita. "Umepiga shoti," Cheche akamwambia kwa upole. "Kila kiraka kinataka uzi wake peke yake." Mazoea yana taabu. Akafumua yote huku machozi yakimlenga, akashona upya, na kila alipokata uzi mzima alisonya.

Nyumbani akalitandaza magotini pa mzee. Mkono wa kushoto ukatambaa, ukagusa. "Maji," shuka likasema. Mama Pindo alikimbia mpaka akamwaga nusu ya kikombe, na mzee akanywa akilia. Siku zikaenda vizuri.

Halafu asubuhi moja: "Njoo." Akatoka jikoni akipangusa mikono.

"Nini, mzee wangu? Maji?"

"Sitaki."

"Choo? Unaumwa?"

"Sitaki. Njoo."

"Si nipo hapa?"

"Njoo. Njoo. Njoo."

Shoti imerudi, akawaza. Akalikunja shuka. Mzee alilishika kwa mkono wake mzima, "ba, ba," hataki kuliachia, naye akamnyang'anya, akambembeleza kwamba anarudi sasa hivi.

Karakanani, Cheche akapima uzi mmoja baada ya mwingine. "Shuka ni zima kabisa, mama. Halina kasoro."

"Haiwezekani! Linaniita na mimi nimesimama mbele yake."

"Shuka halijisemei, mama. Anasema yeye."

Mama Pindo akalitazama shuka pale mezani. Tangu ule ugonjwa, alikuwa amesimama mbele ya mume wake kila siku: amesimama na kikombe, amesimama na taulo, amesimama na swali. Akalikwapua shuka akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mzee amegeukia ukuta. Akamfunika magoti, akamwambia, "Nisamehe, baba watoto." Kisha kidole kikatambaa polepole.

"Njoo."

Safari hii hakuuliza kitu. Akasogeza mto, akakaa ubavuni pake, akavuta nusu ya shuka ajifunike naye. Goti lake likabonyeza kiraka, na sauti yake mwenyewe ikatangaza kwa heshima zote: "Choo." Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akamwegemezea mkewe kichwa begani, na sufuria ikaungua jikoni, wala Mama Pindo hakuinuka.