Gurudumu Lililorudi Nyuma Kwenye Simu

Nacheka mwenyewe kwanza, ili mkianza ninyi nisiumie sana, maana aibu niliyoipata Iyula nadhani hata mbwa wa kule wanaijua. Nilikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Tumaini, nikaishia kumwogesha baba yake kwa kahawa.

Mimi ni fundi simu hapa Tunduma, na chuoni nilisomea elektroniki (nilifaulu, msiniangalie hivyo). Tumaini nilimpata kwenye harusi ya binamu yangu, tukaonana tena mara moja Vwawa, mengine yote yakawa ya kupigiana simu za video. Mjomba alikuwa ameshaandika barua ya posa, anasubiri tu nirudi na neno zuri, basi nikavaa suti nikaenda. Nikakuta uwanja umejaa watu: baba yake, Mzee Sikanyika, na majirani zake wamenunua mashine ya mota ya kumenya kahawa mbivu, fundi ameifunga asubuhi na kuondoka, na sasa inazunguka tupu wakimsubiri mchungaji aje kuiombea.

Ningekaa kwenye kiti nilichopewa, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mimi kitu kinachozunguka hakiniachi nitulie. Gurudumu lake lilikuwa na mikono mitano inayotoka katikati, na kasi ya ajabu, kwa macho unaona ukungu tu, nikatoa simu nikalirekodi. Kwenye video mikono ikaonekana wazi, inakwenda polepole, tena inakwenda kinyume na mshale uliochorwa ubavuni mwa mashine! Nikafurahi, nikajua Mungu amenifungulia mlango kwa mkwe.

Nikamwonyesha Mzee. Akasema aliyeifunga ni fundi mzoefu, nikamjibu kwa upole wa msomi kwamba hata mzoefu hukosea, ila kamera haina sababu ya kudanganya. Mota za namna ile ukibadilishanisha nyaya mbili tu zinageuza mzunguko, kwa hiyo tukazima umeme, gurudumu likasimama wakati wote wananitazama mimi navua koti, nikabadilisha, nikawasha (nimeinamia swichi, ndiyo maana sikuona gurudumu lilivyoanza), nikarekodi tena, na kwenye simu likafuata mshale vizuri kabisa. Nikapigiwa makofi. Mchungaji akafika, akaomba, Mzee akasogea na shati lake jeupe akamimina ndoo ya kwanza.

Mashine ikaitema yote. Kahawa badala ya kuvutwa ndani ilirushwa juu pamoja na maji yake, ikampiga Mzee usoni na kifuani, mchungaji naye akapata mgawo wake, na maganda mekundu yakamning'inia Mzee kwenye ndevu. Nikakimbilia swichi. Gurudumu lilipopungua kasi, kila mtu akaona kwa macho yake kwamba linakwenda kinyume na mshale.

Mwenye akili hapo anaomba radhi na kutafuta gari la kurudi Tunduma. Mimi niliomba radhi, nikarudisha nyaya, halafu udadisi ukanishinda, nikachuchumaa na suti yangu kurekodi tena. Gurudumu sasa lilikuwa sawa, simu ikasema linarudi nyuma. Nikaiweka simu kwenye ile hali ya kupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde, likaenda mbele! Nikasahau kabisa kwamba kuna watu wananitazama. Lilikuwa somo la chuoni lile lile, la wimbi ambalo ukilipima mara chache mno linakuja na sura ya wimbi jingine, na mtihani wake niliupasi.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu anajifuta. "Nieleze," akasema.

Nikamweleza kwamba video ni picha nyingi zilizofuatana, na kati ya picha moja na nyingine simu haioni kitu. Mkono wa gurudumu ukikaribia kufika pale alipokuwa mwenzake wa mbele, simu inadhani ni yule yule mwenzake karudi nyuma kidogo. Picha zote ni za kweli, ila ni chache, na hapo katikati simu inajijazia yenyewe.

Mzee akatoa ganda kwenye sikio. "Na huyu binti yangu, umemwona mara ngapi bila simu?"

Nikasema mara mbili, Mzee, na leo.

"Na hapo katikati umejijazia mwenyewe." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Barua ya mjomba wako ikae kwanza. Wewe uwe unakuja huku kumenya kahawa mpaka msimu uishe, umwone akiwa amechoka, na yeye akuone hivyo hivyo. Halafu mniambie kama bado mnatakana."

Nimeapa sitagusa tena waya wa mtu kwa ushahidi wa video. Kila Jumamosi nafunga duka naenda Iyula, na juzi Tumaini alinifokea mbele ya majirani kwa kumwaga kahawa iliyokwisha kuoshwa. Sikujua ana hasira kiasi kile, kwenye simu sijawahi kuziona. Nikaokota punje zote, na Jumamosi hii naenda tena.