Kozi Tatu Alizozikataa Babu

Usiku ule nililala na saruji kwenye kucha. Fundi alikuwa amenitajia bei ya kunijengea nyumba, nikamshukuru, nikaenda kununua mwiko wangu. Msingi nilichimba mwenyewe, matofali nilifyatua mwenyewe, na majirani walioanza kwa kunicheka sasa walikuwa wakipita polepole, wakitazama. Nilijivuna, sifichi. Ila kozi tatu, zile safu za juu za matofali nilizojenga jioni ile, kwenye kona ya chumba changu, zilikuwa zimeinama kidogo. Nikajiambia lipu itaficha.

Ndipo nikamwona babu. Ndiye aliyenilea, mwashi aliyewajengea watu nyumba maisha yake yote, na tulimzika akiwa bado mpangaji. Alisimama kando ya ukuta wangu, kofia ya kazi kichwani, mkononi ameshika timazi, ule uzi wake wenye kipande cha chuma.

"Shikamoo babu."

Hakuitikia. Babu, aliyekuwa akiitikia hata salamu ya mlevi!

Mara tupo katika chumba chetu cha kupanga. Mvua inanyesha, nami ni mdogo, nasogeza sufuria panapovuja. Babu anatazama juu, kwenye bati lisilo lake. Kisha mvua haipo, tumerudi kwenye kona yangu. Anashikiza uzi juu ya ukuta, anaachia chuma kining'inie. Uzi unashuka, unaachana na matofali. Kidole changu kinapita katikati.

"Ni kidogo tu, babu. Nitapiga lipu."

"Lipu ni ya macho ya wageni," anasema taratibu. "Wewe utalala humu."

Naona aibu, machozi yananitoka. Babu anainama, anapapasa kozi za chini moja moja, anatabasamu. Kisha ananyoosha kidole juu.

"Hizi umezijenga. Zile umezimaliza tu."

Nikaamka. Kulipopambazuka nilikuwa juu ya jukwaa na nyundo.

"Mama, mbona unabomoa tena?" jirani aliuliza.

"Nabomoa, jirani. Nyumba ni yangu."

Jioni nilizirudishia kozi zote tatu, nikashusha timazi. Uzi ulilala ukutani toka juu hadi chini, hata wembe usingepita. Nikasema kwa sauti, mbele ya wapita njia, "Shikamoo babu."

Wapo waliocheka. Nikasubiri kadiri ya mtu kuitikia, kisha nikachota saruji ya kozi ya nne.