Wiki Moja Baada ya Idi

Ujumbe ulinifikia asubuhi: mwalimu aliyefundisha maofisa wa ustawi wa jamii katika chuo kimoja hapa Bagamoyo amefariki, ibada ni kesho saa nne. Nilisoma mara mbili, nikalaza simu kifudifudi. Nimechoka kuandika safu za namna hii, lakini mama yule siwezi kumpita kimya.

Tulifahamiana aliponialika nimsaidie kuandika visa vya darasani. Kila kisa ni ukurasa mmoja kuhusu kaya moja. Wanachuo husoma, kisha huandika tathmini: mtoto abaki au aondolewe. Siku ya kwanza nilipoketi darasani kwake, alileta alichokiandika mwenyewe. Ofisa anafika Mkange saa saba mchana, wiki moja baada ya Idi. Meko yamepoa, kando yake kuna bakuli lililofunikwa. Bibi amelala mkekani. Mjukuu wake wa kike, miaka sita, anasema, "Leo hatujapika."

"Mwalimu, hapo kuna la kuuliza tena?" alisema kijana wa mbele. "Bibi kalala, mtoto ana njaa. Aondolewe, na sisi twende tukale." Darasa likacheka. Wote wakaandika hivyo. Ndipo binti mmoja mzaliwa wa hapa mjini akainua mkono taratibu.

"Huyo bibi anafunga sita, Mwalimu. Zile siku sita za baada ya Idi. Mtoto kawekewa kiporo cha daku, kimefunikwa hapo hapo."

"Mbona nawe umeandika aondolewe?"

"Nilidhani unataka jibu la kitabuni."

Mwalimu hakucheka. Alisema ofisa yule alikuwa yeye, mgeni kutoka bara, wiki ya tatu kazini. Bakuli lilikuwapo; hakulifunua. Mtoto alipelekwa makao ya watoto, na ukweli ulipojulikana, kumrudisha kulichukua miaka miwili ya barua. "Siku nilipomrudisha," alisema, "alisimama nje ya nyumba ya bibi yake, akapiga hodi."

Kila mwaka alifundisha kisa kile, na kila mwaka darasa lilimwondoa yule mtoto upya. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. "Hapa wakikosea, mwanangu, namrudisha kabla ya kengele."

Siku hizi maofisa ni wachache, fomu ni ndefu, na kutia vema kwenye kisanduku ni rahisi kuliko kukaa kitako na kuuliza. Nasi waandishi ndivyo tulivyo: tunamaliza maisha ya mtu kwa sentensi moja nzuri, tunakwenda kulala. Mwenye kalamu ana haraka, anayeandikwa hasomewi. Tumechoka sote, najua. Lakini uchovu wetu asiubebe mtoto wa mtu.