Gego Nililotaka Kuling'oa Kabla ya Ndoa

Binti yangu aliniomba jambo moja tu kuhusu ndoa yake: nimuozeshe mimi mwenyewe. Kwetu baba wengi, ikifika saa ya kukaa mkekani mbele ya watu, humpa shehe uwakala aseme kwa niaba yao. Wanaogopa kukosea maneno, au wanaogopa kulia. Shehe anatamka, bwana harusi anajibu, mashahidi wanathibitisha kwamba wamesikia, na ndoa imefungwa. Binti yangu hakutaka hivyo.

"Mimi nitakuwa ndani na kina mama," aliniambia. "Sitakuona, nitakusikia kwenye spika. Nataka niozeshwe na sauti ninayoijua."

Ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kusema jambo mara moja likafuatwa. Nikakubali. Wiki ya ndoa gego likaanza kuniuma.

Lilianza nikiwa nakula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, nje ya karakana yangu iliyoko mtaa wa Mtawanya. Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia dawa mikorosho, zile za kubeba mgongoni. Kazi hii sikufundishwa chuoni. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu na kusoma vitabu vyake vya maelekezo, kwanza picha, baadaye maneno, kamusi ikiwa magotini. Msimu wa kupulizia ulikuwa umepita, watu wako mashambani wanaokota korosho, na mimi nilikuwa na nafasi kubwa ya kufikiri. Nadhani nafasi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Maumivu yalikuwa upande wa kulia, chini, huko nyuma, na yalipanda mpaka sikioni. Mke wangu alisema niende hospitali. Nikampa hoja yangu, ambayo nilikuwa nimeipanga vizuri. Jirani yetu mmoja wakati tulipokuwa tukiishi mtaa wa Chuno, mfanyakazi wa bandarini, aliwahi kung'olewa jino, na jioni ile chai ilikuwa inamtoka pembeni mwa mdomo bila yeye kujua. Ilikuwa ganzi ya sindano aliyochomwa kabla ya kung'olewa. Basi, nikasema, ganzi hulaza mdomo. Walii, yaani baba anayeozesha, ambaye mdomo wake umelala hawezi kusikika. Kwa hiyo jino hili lazima litoke bila ganzi, na hospitali hawatakubali kulitoa bila ganzi. Litatolewa hapahapa.

"Hoja yako ni ndefu sana, Baba Mwalimu," mke wangu akasema. "Kwa kifupi inaitwa woga."

Siku moja kabla ya ndoa alifika shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kutoka shambani kwake upande wa Kilambo, akiwa na gunia la korosho kwa ajili ya shughuli. Shemeji huyu hajawahi kunihurumia kwa lolote, na kwa mila zetu halazimiki. Alinikuta nimefunga shavu kwa kitambaa.

"Kha! Bwana harusi ni wewe au yule kijana? Mbona umejitanda ushungi?"

Nilipomweleza, akaacha mzaha akatoa ushauri. Hapa kwetu kila mtu ana habari ya mtu fulani aliyeua jino kwa utomvu wa ganda la korosho. Korosho mbichi ukiiweka motoni, ganda hutoa mafuta meusi, mazito. Mafuta hayo huunguza. Wanawake wanaobangua korosho hupaka majivu mikononi kabla ya kuanza, na wasipofanya hivyo ngozi ya vidole huchunika. Yanayounguza ngozi, watu husema, yataunguza na mzizi.

Kwangu ushauri ule uliingia kwa mlango mwingine. Karakana yangu ina kanuni: usivute kabla hujalegeza. Skrubu iliyoshika kutu ukiilazimisha utaikata kichwa. Unaipaka mafuta, unasubiri, unaitikisa taratibu, ndipo unaitoa. Nikaona utomvu wa korosho ni mafuta ya kulegezea ambayo Mungu ameyaweka mlangoni kwetu.

Tukazichoma korosho chache nyuma ya karakana. Nikazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, nikachovya, nikapaka. Kwa sababu sikuweza kuona vizuri huko nyuma, nilipaka fizi yote ya upande ule, na tone moja likaangukia mdomo wa chini.

Moto wake siwezi kuueleza kwa adabu. Shemeji aliniambia baadaye kwamba niliizunguka karakana mara kadhaa nikiwa nimeshika shavu, na kwamba kuku wote walihama.

Ulipopungua, nikaendelea na utaratibu wangu. Nilichukua mpini wa kijiko cha chai nikagonga jino mojamoja ili nijue lenye ubovu ni lipi. Yote yaliuma. Gego la pili kutoka mwisho liliuma kuliko mengine, nikalihukumu hilo. Kwenye mashine nisingefanya kosa kama hilo hata siku moja. Huwezi kumwagia injini nzima petroli, kisha ukaanza kutafuta inavuja wapi. Lakini mtu mwenye maumivu hujiona ana akili timamu kuliko siku nyingine zote.

Plaizi nilizichemsha katika sufuria, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za vijidudu na sikutaka kuwa mjinga. Asubuhi nilikuwa nimemeza asprini, na nikaongeza nyingine. Shemeji akashika kioo.

"Una hakika, shemeji? Hiyo si plagi ya mashine."

"Ahiki hioo," nikasema, plaizi zikiwa tayari zimo mdomoni. Nilikuwa namwambia ashike kioo.

Nilitikisa kwa subira, kushoto, kulia, kama ninavyofanya siku zote. Kisha nikavuta. Mlio wake niliusikia ndani ya fuvu: kra. Plaizi zilitoka zimeshika kipande cheupe, kisafi, kisicho na mzizi. Damu ikaja nyuma yake, ikaendelea kuja.

Shemeji, ambaye huchinja mbuzi wa ukoo mzima, alikaa juu ya gunia la korosho na kioo chake mapajani, akawa anatazama pembeni. Mke wangu alipotokea aliniangalia mimi, akaiangalia sufuria yake. Alikwenda barabarani kusimamisha bajaji.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, aliyehamia kwetu kikazi kutoka mikoa ya kaskazini.

"Shikamoo, baba. Nani amekufanyia hivi?"

Nikajionyesha kifuani kwa kidole.

"Kwa kutumia nini?"

Shemeji akatoa plaizi mfukoni. Sijui kwa nini alikuja nazo.

"Na fizi imeungua na nini?"

"Korosho," shemeji akajibu. "Mafuta yake yanaua jino, daktari."

"Yanaua kila kitu, baba yangu. Jino ndilo la mwisho kufa."

Akanipiga picha ya taya, akaitazama kwa muda, kisha akaniita niitazame naye. Nilimpenda kwa hilo. Alinionyesha kama fundi anavyomwonyesha fundi. Gego nililovunja lilikuwa zima. Lenye ubovu lilikuwa lile la mwisho, lina tundu upande wa nyuma, mahali ambapo kioo changu kisingefika hata ningekuwa na shingo ya twiga. Maumivu ya jino, alinieleza, hutembea. Unaweza kuyasikia kwa jirani yake au hata sikioni, na fizi ikishaungua kila jino huwa shahidi wa uongo. Mizizi ya magego si skrubu. Mingine imepinda, mingine imetanuka miguu, na mtu akivuta kwa nguvu huvunja jino au mfupa wa taya. Damu yangu ilikuwa haigandi vizuri kwa sababu ya zile asprini. Na kipande kinachobaki kwenye jeraha lenye ubovu jirani yake kinaweza kuvimbisha chini ya taya mpaka shingoni, na uvimbe wa hapo huziba pumzi. Alisema wapo waliofika wakiwa hawawezi hata kumeza mate.

Shemeji akazirudisha plaizi mfukoni.

Mimi nilikuwa na swali moja. Nililisema mara tatu ndipo likaeleweka.

"Kesho namuozesha binti yangu. Nitaweza kusema?"

"Ganzi inaisha baada ya saa chache tu, baba. Ungekuja juzi, leo ungekuwa unaimba."

Akanichoma ile sindano. Iliuma kidogo kuliko mwiba. Akatoa mizizi niliyoiacha na lile gego bovu, akashona, akanipa dawa na masharti: nisiteme mate kwa nguvu, nisisukutue siku hiyo, nisinywe asprini tena, na nikiona damu inachuruzika ning'ate pamba. Nikipata homa, au nikiona uvimbe unashuka shingoni, nirudi mbio.

Jioni binti yangu alikuja chumbani kwangu, mikono imejaa hina, akaitazama sura yangu. Shavu lilikuwa kama limeficha limau, na mdomo wa chini ulikuwa na lengelenge.

"Nimpigie shehe, baba? Si vibaya. Nitaelewa."

Nikatikisa kichwa. Akatoka. Nikabaki nikijaribu maneno peke yangu, na ulimi kila ukifika upande wa kulia ulikuta pengo ukapotea njia.

Ndoa ilikuwa baada ya Alasiri. Mkeka ulijaa, spika imefungwa kwenye kona ya nyumba. Kwa tahadhari nilikuwa nimeng'ata pamba. Shehe akasoma hotuba, akanishikisha mkono wa kijana, akanisogezea kipaza sauti. Nikatamka. Kilichotoka kwenye spika kilifanana na mashine yenye maji kwenye petroli.

"Mashahidi, mmesikia?" shehe akauliza.

Mashahidi wakatazamana. Mmoja, mtu mkweli sana, akasema: "Sauti tumeisikia, shehe. Maneno bado."

Watu wakacheka. Bwana harusi alikuwa ameshafungua kinywa kujibu, akakifunga. Shehe akaniinamia, akaninong'oneza kwa upole, "Nikuwakilishe, mzee?"

Ndani ya nyumba, ambako dakika iliyopita kulikuwa na kelele za wanawake, kulikuwa kimya kabisa.

Nikageuka pembeni, nikatoa pamba, nikaiviringisha katika leso nikaitia mfukoni mwa kanzu. Nikakishika tena kipaza sauti. Nilitamka neno mojamoja, kila moja likiwa limesimama mbali na mwenzake, kama ninavyomtajia muuza vipuri majina ya vipuri kwenye simu mbovu. Nimekuozesha. Binti yangu. Nikataja jina lake lote. Kwa mahari. Mliyokubaliana.

Kijana akajibu haraka, nadhani akihofu nisije nikaishiwa.

"Tumesikia," wakasema mashahidi pamoja, kabla hawajaulizwa. Vigelegele vikaizima spika.

Watu walikula pilau. Mimi nililetewa uji wa vuguvugu, na shemeji akakaa karibu yangu na sahani iliyojaa nyama, akila polepole kuliko ilivyohitajika. Binti yangu alitoka ndani akiwa na nguo zake zote za siku ile, akachuchumaa mbele yangu.

"Ile ya kwanza sikuijua ni sauti ya nani," akasema. "Ya pili niliijua."

Kisha akaninyanyua kidevu kwa vidole vyenye hina.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akachungulia muda mrefu, kama anavyowakagua watoto wake wa darasa la kwanza.

"Funga," akasema. "Na zile plaizi zako, baba, tunaondoka nazo."