Meno ya Wakili na Neno la Siri

Mama Kamusi alikuwa mfasiri wa hati. Watu walimletea vyeti vya ndoa, taarifa za madaktari, mikataba na wasia, naye akavihamisha vyote kutoka lugha moja hadi nyingine bila kudondosha nukta njiani. Jina hilo alibandikwa na mpima ardhi wa chumba cha pili, kwa kuwa hakuweza kumsikia mtu amekosea neno akanyamaza.

Jengo lao lilikuwa la ofisi tano. Chini walikaa fundi picha na daktari wa meno. Juu mfasiri, mpima ardhi na wakili. Waliazimana wino wa printa, sukari, na hata wateja. Katika simu walikuwa na kundi lao, la kuulizana maji yamekatika kwa nani na gari la nani limeziba mlango.

Asubuhi moja daktari alitaka kumtumia fundi wake wa meno ya bandia picha ya kazi. Kidole kikateleza, picha ikatua kwenye kundi la jengo: safu nzima ya meno ya juu, meupe yanameta, na chini yake maneno haya: "Haya ya wakili yanabana kushoto. Yachonge mapema, ana kesi."

 Kupitia ukutani Mama Kamusi akamsikia mpima ardhi akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Wakili alikuwa mtu wa tabasamu. Hata kwenye kalenda alizowagawia wateja alikuwa ametabasamu miezi yote kumi na miwili. Kumbe lilikuwa tabasamu la kuvaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku! Daktari aliifuta picha, akapanda ngazi mbio kwenda kuomba radhi, akakuta mlango umekomewa kwa ndani. Tangu hapo wakili akawa anapita mlangoni kwa daktari uso umeelekea ukutani, na salamu za daktari hazikupata wa kuzipokea.

Mama Kamusi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikamkauka. Ndani ya simu yake mwenyewe mlikuwa na talaka za watu na majibu ya vipimo vyao, na vyote vilipita njia ileile ya picha ya meno.

Jioni akawaambia wa nyumbani, "Nataka tununue programu ya kusimba mafaili."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja nguo, akaacha shati hewani. "Simba? Mwanangu, kompyuta yenyewe inakutoa jasho, sasa unataka kuitilia na simba?"

"Si simba, mama. Kusimba. Faili linavurugwa, asiye na neno la siri haambulii kitu."

"Basi si ndiye huyohuyo? Kalala mlangoni, anamjua mwenyewe tu."

Mumewe, fundi cherehani, alicheka hadi akashona mfuko wa suruali ukazibika.

Kesho yake Mama Kamusi alimpigia muuzaji wa programu. Kwa ofisi moja, bei ilikuwa ya kukimbiza mtu. Lakini palikuwa na kifurushi cha ofisi tano, nafuu, na mafunzo ndani yake.

"Tukiwa wanne je?"

"Wanne ni wanne, mama. Kifurushi ni cha watano. Ila jaribuni kwanza bure, mwone."

Wakakutana wanne, bila wakili, kwa daktari, kwenye benchi la wagonjwa. Fundi picha akaanza kujitoa: "Mimi nina siri gani? Kazi zangu zinabandikwa ukutani."

"Na zile picha za bwana harusi aliyeghairi?" Mama Kamusi akamuuliza.

Fundi picha akashusha sauti: "Niandikeni."

Mpima ardhi akauliza nani atatunza maneno ya siri ya wote. "Asiwe mimi," daktari akawahi kusema, wakaangua kicheko. Wakakubaliana kila ofisi itunze lake. Mpima ardhi akatikisa kichwa: "Siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi humu tumeshakuwa kabati zima la kata." Kilichobaki ni mtu wa tano.

Mama Kamusi akapanda kwa wakili. Wakili alimsikiliza, mkono mdomoni.

"Dada, siwezi kuingia jambo moja na yule bwana. Nilikuwa na heshima yangu hapa."

"Bado unayo, kaka. Nani aliwahi kukuletea kesi kwa ajili ya meno?"

Wakili akataka kucheka, akajizuia. "Nitajaribu tu. Sijasema nanunua."

Ilipofika siku ya majaribio, kila ofisi ilipaswa kumtumia mwenzake faili. Nani amtumie nani, alipanga Mama Kamusi, na hakupanga kwa bahati nasibu. Haukupita muda, sauti ya wakili ikavuka ukumbi.

"Dada! Faili limegoma!"

"Linataka neno la siri."

"Nipe basi."

"Sina. Analo aliyekutumia. Na haliandikwi, linasemwa kwa mdomo. Mpigie daktari."

"Namba yake nilishaizuia."

"Ngazi zipo, kaka."

Wakili akashuka polepole. Mpima ardhi alikuwa tayari ukumbini, anapima ukuta ambao hakuna aliyemtuma kuupima. Chini ikasikika minong'ono, kisha kicheko cha wakili, kikubwa, cha mdomo wazi, wala mkono haukwenda kukiziba.

Aliporudi, akafungua faili, akatazama, akacheka tena peke yake.

"Kuna nini?" mpima ardhi akauliza.

"Siri."

Aliyeitoboa ni daktari mwenyewe, siku ya kutia saini. Alifungua kinywa, akachomoa meno mawili ya mbele, akayaweka mezani. "Picha ya hili pengo ndiyo niliyomtumia. Sasa tuko sawa." Wakili ndiye aliyeusoma mkataba wa muuzaji kipengele kwa kipengele, akafuta viwili, kisha akatia saini wa kwanza.

Kazi ya kwanza ya Mama Kamusi kupitia mfumo mpya ilikuwa majibu ya hospitali ya bibi mmoja mstaafu. Akalituma faili, akampigia simu.

"Neno lenyewe ni—"

"Sikusikii, mwanangu!"

Akapaza sauti. Akapaza tena. Mara ya tatu fundi picha akaitika toka chini, "Sisi tumeshalisikia!"

Akalibadilisha, akamwomba bibi aje mwenyewe. Bibi akaja, akainamisha sikio, akanong'onezwa taratibu. Uso ukamchangamka. Kisha, ili ahakikishe amelipata sawasawa, akalirudia kwa sauti iliyofika barabarani.