Radio ya Kifua cha Papa

Radio ikikwaruza jioni, kabla msomaji hajaanza kutaja majina ya waliofariki na waliopotea: hiyo ndiyo sauti ya Mubi ninayoikumbuka kuliko zote. Papa, Mama na mimi tulikuwa tumekimbilia mji huo mdogo wa mashariki mwa Kongo kutoka vita vya Ngungu. Jioni watu walijaa mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, kila mtu akiomba lisitajwe jina la wa kwake. Papa hakusogea karibu. Watu wenye silaha waliwahi kumkamata awabebee mizigo, akawatoroka, naye aliamini kwamba bado wanamtafuta. Alisimama pembeni akikoholea kiganja, na siku moja niliona damu kwenye kiganja kile.

Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akasema, "Papa, inafaa upite ku radio." Kwetu hivyo ndivyo tunavyoiita picha ya ndani ya mwili, kwa Kifaransa cha hospitali. Lakini kupita radio ni jina lako kusomwa hewani pia. Papa alirudi nyumbani akafunga mlango. "Bakisikia jina yangu, batakuja," akamwambia Mama, na Mama, ambaye naye hakujua tofauti, akakubali abaki. Majirani wakaanza yao: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Bado wananiudhi hadi leo. Papa hakuficha maradhi hata siku moja, alijificha yeye mwenyewe, wala hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Mvua zikaja zikapita, akakonda hadi suruali akaifunga kwa kamba.

Alipozidiwa ndipo alipokubali kubebwa hadi hospitali yenye mashine. Alivuliwa shati na msalaba wa shingoni, maana chuma huharibu picha. Mimi nilibaki nje ya mlango, nikisikia kila neno. Mpiga picha alimwambia avute pumzi, aizuie, asitikisike. Kikohozi kilimkatalia. Alipotulia aliuliza polepole, kwa adabu, "Sasa jina yangu mutaisema saa ngapi?"

Mpiga picha alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Papa, hii radio haisemaka. Inaangalia kifua tu."

Papa alitoka ameinamisha kichwa. Masikini Papa wangu, sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya vile. Mapafu yote mawili yalikuwa yameharibika. Dawa alianzishiwa, lakini mavuno ya mahindi hakuyaona.

Mwaka jana mwanangu alishindwa kumeza vizuri. Tuliambiwa asile chochote tangu usiku, nami nikaulizwa kama nina mimba kabla ya kuingia naye. Akanyweshwa dawa nyeupe nzito, na kwenye kioo cha mashine tukaitazama ikiteremka kooni. Nilimchosha daktari kwa maswali. Mionzi ni mingi? Itamuuma? Dawa itatoka vipi? Akajibu yote bila kununa: mionzi watatumia kidogo iwezekanavyo, haiumi, choo kitakuwa cheupe kwa siku chache, anywe maji mengi. Alimaliza kunieleza kabla mtoto hajamaliza kikombe. Nilitoka nje nikamlilia Papa kwa sauti, na mwanangu akadhani nimeona kitu kibaya kwenye kioo.