Kamba ya Usumba

Juzi nilikwenda Wete kung'oa jino. Mlango wa chumba cha daktari ulipofunguliwa tu ikanijia harufu ya mafuta ya karafuu, na badala ya kuogopa koleo kama mtu mzima yeyote mwenye akili zake, nikajikuta niko Wingwi, juu ya mkarafuu wa bibi yangu, nimeukumbatia kama nimeuoa.

Niwaeleze. Msimu wa karafuu kwetu hakuna mtoto wa kukaa bure. Wanaoweza kupanda hupanda, na wasioweza hukaa jamvini na vikongwe, wakachambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Mimi nilikuwa mvulana mkubwa, nafunga Ramadhani nzima, na nilikuwa jamvini. Mize, binti wa mjomba wangu, mdogo kwangu, alikuwa akipita na pakacha limejaa, anainama kwa adabu na kuniambia, "Shikamoo, bibi." Vikongwe wenzangu walicheka mpaka wakakohoa. Mimi nikainamisha kichwa nikachambua, na moyo uliniuma hasa.

Si kwamba sikujaribu. Kila nikipanda, nikifika tawi la kwanza hutazama chini, miguu ikaanza kutetemeka, mikono ikalegea, nikateremka tumbo limechubuka. Na kila nikiteremka nilizidi kuamini kwamba Mungu hakuniumba kwa ajili ya miti.

Bibi yangu, Bi Time, alikuwa na mkarafuu mmoja mrefu nyuma ya jiko, na mwaka ule hakupata mtu wa kuuchuma. Karafuu zikishachanua ndiyo basi tena. Asubuhi moja akanijia na kamba ya usumba, ile isokotwayo kwa nyuzi za makumbi ya nazi.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "leo wapanda wewe."

"Bibi, n'taanguka."

"Utaangukaje, nami nimekushika?"

Akanifunga kiunoni, fundo juu ya fundo, ncha ya pili akaishika yeye. Bibi alikuwa mnene, akikaa amekaa, na nilijua hakuna wa kumng'oa pale. Basi nikapanda. Wallahi nilipanda. Miguu ni ile ile, mti ni ule ule, lakini nilivuta matawi, nikachuma, na kuimba nikaimba. Pakacha lilipojaa nililiteremsha nikaomba jingine. Mize akaja akasimama chini, mdomo wazi, nami nikamwitikia shikamoo zake zote za nyuma: "Marahaba, mjukuu wangu."

Hapo ndipo nilipotazama chini nimtafute Bibi anione. Hayupo. Moshi unatoka jikoni. Nikaifuata kamba kwa macho mpaka mwisho wake, na mwisho wake alikuwapo beberu, amefungwa shingoni, anakula maganda ya muhogo.

Miguu ikaanza upya. Nikaukumbatia mti nikaita kwa sauti iliyofika barabarani. Bibi akatoka na mwiko mkononi, wala hana haraka.

"Bibi, umeniachia mbuzi!"

"Huyo anishinda nguvu mie," akasema. "Si jana tu kamburura mjomba wako mpaka barabarani?"

Ilikuwa kweli, nami niliona kwa macho yangu. Nikaifikiri ile hoja, nikaona ina mashiko. Nikaendelea kuchuma chini ya ulinzi wa beberu mpaka kileleni pakabaki majani matupu. Tangu siku ile sikurudi jamvini, na kamba yenyewe sikumbuki niliacha kuifunga lini.

Kisa hiki nimekihadithia harusini na misibani, siku zote nikimcheka mbuzi. Juzi ndipo, nimelala kwenye kiti cha daktari, akili iliponijia. Kamba ile haikupitishwa juu ya tawi lolote. Ilitoka kiunoni kwangu ikaenda chini moja kwa moja. Angeishika Bibi, angeishika beberu, wangeishika wanaume wote wa Wingwi, ningeanguka ningefika chini vile vile, na pengine wangenivuta nikawahi. Na Bibi alipanda mikarafuu tangu usichana wake. Alijua vizuri sana.

Nikamkumbuka nikampenda upya, machozi yakanitoka. Daktari akadhani ni hofu, akamwita muuguzi, binti mwembamba tu.

"Usiogope, mjomba," akaniambia. "Nakushika mkono."

Mkono, jamani, na jino liko mdomoni. Nikampa mkono, nikapanua mdomo.